Madau ya Baba Ambayo Sikuyaandika

Yaya, kaka yangu mkubwa, alipoanza kusema kwamba kichwa cha baba kimekwisha, ushahidi wake wa kwanza ulikuwa mbabula, jiko letu la makaa. Wa pili ulikuwa karata.

Habari ya mbabula sikuweza kuibishia. Baba aliwasha makala jikoni, akatenga sufuria ya maji, kisha akaenda kujilaza. Maji yakakauka, sufuria ikaungua, ukuta ukawa mweusi mpaka darini. Mimi nilikuwa kazini. Jirani aliona moshi akaruka ua, na ashukuriwe Mungu, hakuna aliyeumia. Lakini tangu kiharusi kimpate, mkono wa kuume wa baba hauna kazi, na maneno yanamtoka moja moja, kwa shida, kama mtu anayetoa mawe ndani ya kiatu. Yaya anaishi Lubudi, ananunua na kuuza mahindi karibu na gare ya treni. Alisikia habari ya sufuria kwa simu, akaja. Alikaa nasi siku tatu, na ya tatu ilikuwa Jumapili, siku yetu ya poka.

Nieleze kidogo, maana si kila nyumba ya Kolwezi inacheza poka. Baba alifundishwa na fundi mmoja mgeni, zamani, yeye baba alipokuwa mkuu wa wachukua sampuli kwenye kiwanda cha kusafisha madini ya shaba. Mvua ikizidi kazi ilisimama, nao wakawa wanacheza kwenye kontena. Aliuleta mchezo nyumbani, na mama, ambaye alikuwa mtu wa kanisa kuanzia unywele mpaka ukucha, akasema fedha haitagusa meza yake. Basi tukacheza kwa maharagwe na punje za mahindi, harage moja kwa punje tano. Mama alifariki, sheria yake imebaki. Kila Jumapili, tukishatoka ibadani na kula bukari, ugali wetu, tunakaa barazani watu wanne: baba, mimi, jirani yetu mzee ambaye alikuwa karani wa stoo, nasi tunamwita tata karani, maana tata kwetu ni baba, na mama mmoja mjane anayeuza mikate mbele ya shule.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Anayezipenda anapandisha dau, na wengine ama wanaitikia ama wanatupa karata zao. Kisha karata tatu zinafunguliwa katikati ya meza, za wote. Hapo yule aliyepandisha ana swali moja. Mara nyingi zile karata tatu hazikumsaidia chochote. Je, asukume maharagwe mengine, kana kwamba bado ana nguvu, au atulie? Kule kusukuma mara ya pili sisi tunakuita kuendeleza. Wenzako wakiogopa, wanatupa karata, unachukua maharagwe bila kuonyesha kitu. Wasipoogopa, aibu ni yako.

Jumapili ile yaya alimwona baba akiendeleza mara tatu. Mara zote tatu tata karani aliitikia mpaka mwisho, karata zikafunguliwa, na baba hakuwa na kitu mkononi. Yaya aliniita jikoni, penye ule ukuta mweusi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba mzee anasukuma maharagwe vile anavyosukuma sahani akishiba, hajui anafanya nini. Alisema kwake Lubudi kuna nyumba kubwa, mke wake yuko nyumbani mchana kutwa, kuna hewa ya mashamba. Alisema tutakaa kama familia kabla ya mvua za kwanza, tuamue, na baba aende.

Nilimuuliza kama amemuuliza baba. Akasema atamuuliza vipi mtu asiyeweza kujibu?

Baba alikuwa amesikia. Nilipotoka jikoni nilimkuta ameshika mkono wa kiti chake kwa ule mkono mzima, amekishika kweli kweli, anatikisa kichwa. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Marafiki zake waliobaki hai wako umbali wa kutembea. Na mimi niseme ukweli wangu pia, kwa nini nifiche? Sina mume, sina mtoto. Sikutaka kutoka kazini na kufungua mlango wa nyumba isiyo na mtu. Usiku ule nililia kwa hasira, na kulipokucha hasira ilikuwa bado ipo, nikaona afadhali niipe kazi.

Kazi ninayoijua ni kupima. Niko labo ya kupimia madini, upande wa Kingamyambo, kule wanakosafisha upya mchanga wa mabaki uliotupwa na viwanda vya zamani. Mchanga uliokuwa takataka enzi za baba, leo unatoa shaba na kobalti, na mimi ndiye ninayesema una kiasi gani. Nikajiambia: yaya anasema baba anasukuma ovyo. Ovyo ni kitu kinachopimika. Mtu anayesukuma ovyo atasukuma popote, mbele ya yeyote, na atapoteza. Mwenye akili atachagua. Nikanunua kaye mpya, daftari la shule, na biki ya kuandikia, nikachora safu.

Hesabu yake ni hii. Tuseme katikati ya meza pana maharagwe sita, na baba anaendeleza kwa matatu. Akishindwa mara mbili, amepoteza sita. Akifaulu mara moja, amechukua sita. Kwa hiyo ili asipate hasara inatosha wenzake watupe karata mara moja katika kila mara tatu. Hilo ndilo watu hawalielewi wanapomwona mtu anashindwa: kuendeleza hakuhitaji kufaulu kila mara, wala nusu ya mara. Kwa hiyo mara tatu za yaya hazikuwa na maana yoyote. Mara tatu ni kijiko kimoja cha mchanga kutoka kwenye mlima.

Niliandika Jumapili tano. Baba akiendeleza, naandika wapinzani wangapi wamebaki, karata gani ziko mezani, na mwisho ulikuwaje. Jumapili ya tano, wageni wakishaondoka, nikajumlisha.

Baba hakufikisha hata mara moja katika tano.

Nilihesabu tena, nikaanzia chini kwenda juu, labda nimekosea. Hapana. Kwa kaye yangu mwenyewe, kwa mkono wangu, yaya alikuwa na haki. Nilimtazama baba amekaa pale, anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto, yaliyopasuka huku, mazima kule, na moyo wangu ulivunjika. Kaye niliificha chini ya godoro kama mtoto aliyefeli mtihani.

Wiki hiyo sikuwa mtu wa kusogelewa. Wenzangu labo walinikwepa, na walifanya vema. Siku ya nne akaja mchukua sampuli mpya, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaweka mfuko mezani kwangu. Nilitazama mchanga nikajua. Ulikuwa mwepesi, mkavu, wa rangi moja. Nilimuuliza ameuchota wapi. Akasema pembeni ya lundo, kwa sababu katikati pana tope, buti zinazama.

Moto ukaniwaka. Nilimwambia maneno ambayo baba alinifundisha nikiwa msichana wa shule, aliponionyesha uani jinsi ya kugawa lundo: unakusanya mchanga uwe kichuguu, unausawazisha, unaukata robo nne, unatupa robo mbili zinazotazamana na kuchanganya mbili zilizobaki, na unaanza tena mpaka ubaki na kiganja kimoja kinachosema ukweli wa lundo zima. Nilimfokea yule mwenye ndevu mbele ya wenzake.

"Umeniletea ulichoweza kukifikia," nilisema. "Usichoweza kukifikia kiko wapi?"

Swali likanirudia mwenyewe. Alidhani namalizia kumtukana, kumbe mimi nilikuwa barazani kwetu, Jumapili, na karata mikononi.

Mezani kwetu kuna desturi: anayeshinda mzunguko ndiye anayechanganya karata za mzunguko unaofuata. Ni desturi ya yule fundi mgeni, baba haruhusu iguswe. Na kwa kuwa baba ana mkono mmoja tu, mimi ndiye ninayechanganya kwa niaba yake. Sasa fikiria. Baba anaendeleza, wote wanatupa karata, mchezo umeisha kwa sekunde. Anavuta maharagwe, mimi nakusanya karata, naanza kuchanganya, tata karani anadai zigawiwe upesi, na biki iko chini ya meza. Siandiki kitu. Lakini baba akiitikiwa, mchezo unakwenda mpaka mwisho, karata zinafunguliwa, anashindwa, mwingine ndiye anayechanganya, na mimi nimekaa, mikono mitupu, naandika vizuri kabisa kwa mwandiko wa shule.

Nilikuwa nimeandika hasara zake zote na kuacha karibu kila ushindi. Mimi! Mtu anayewafokea watu kwa sababu ya mchanga wa pembeni. Nilimwomba yule mwenye ndevu msamaha, nikamwambia arudi achote tena, na njia nzima ya kwenda nyumbani nilikuwa nacheka peke yangu.

Jumapili iliyofuata nilimkabidhi kaye tata karani. Mtu aliyetunza stoo ya misumari na grisi maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliandika kila kitu, na cha ziada. Kuna ukurasa ameandika kwamba mama wa mikate amekohoa. Baba alitazama tunayoyafanya, akatazama kaye, akanitazama mimi, na kona moja ya mdomo wake ikapanda. Sikumweleza kitu. Niliogopa kwamba akijua atabadilisha mchezo wake.

Tuliandika hivyo kipindi chote cha kiangazi, vumbi jekundu likiingia mpaka kwenye maharagwe. Katikati ya hapo mama wa mikate, ambaye hakuwa na nafasi ya kutosha kwake, alihamishia tanuru lake uani kwetu, na mbabula yetu ikatolewa nje ikakaa karibu na tanuru. Alifanya hivyo kwa ajili yake, alisema. Najua pia alifanya kwa ajili ya baba, maana akienda shuleni kuuza, binti yake mkubwa anabaki anakanda unga mpaka mimi nirudi.

Mwisho wa kiangazi nilijumlisha tena. Baba alipobaki na mpinzani mmoja tu, aliendeleza mara nyingi, na zaidi ya nusu ya mara hizo mpinzani alitupa karata. Karata za mezani zikiwa ndogo na hazihusiani, alifaulu hata zaidi. Walipobaki wawili au watatu, alitulia, mikono mapajani. Na zile mara chache alizosukuma mbele ya watu watatu, karata zilipofunguliwa alikuwa na za kushinda. Huyo ndiye mtu asiyejua anafanya nini! Nilicheza jikoni peke yangu, na sufuria mkononi, mpaka binti wa mama wa mikate akaja kuchungulia.

Lakini palikuwa na tundu.

Nilipotugawa sisi wapinzani wake, kila mtu na safu yake, safu yangu ilikuwa karibu tupu. Mbele ya tata karani baba aliendeleza. Mbele ya mama wa mikate aliendeleza. Nikibaki mimi peke yangu, alitulia. Kiangazi kizima alinisukuma mara moja tu, tena mwanzoni kabisa. Karata zile zile, meza ile ile, lakini hakuna dau. Sikuelewa. Nilijua yaya ataelewa kwa njia yake: mzee anasahau, akimwona mtoto wake anachanganyikiwa. Au anamhurumia, basi huo nao si mchezo wa akili.

Nilishika ukurasa wenye safu yangu. Nakiri, nilikwisha kuanza kuuchana, kuna mahali hadi leo umepasuka kidogo juu. Kuchana ukurasa mmoja, nani angejua? Ila nilikumbuka uani, nikiwa msichana, nilipotaka kutupa robo iliyokuwa na mawe kwa sababu ilinichosha. Baba alinipiga kibao cha mkono, kidogo tu. Alisema robo za kutupa zinachaguliwa kabla ya kuzitazama. Niliuacha ukurasa mahali pake.

Yaya alikuja mawingu yakianza kujikusanya upande wa mgodi wa Mashamba. Ilikuwa Jumapili tena, mimi ndiye niliyeomba iwe hivyo. Alikuwa amekwisha kukodi gari la kumchukua baba asubuhi ya kesho yake, na nyuma yake niliona turubai lililokunjwa, la kufunikia vitu. Tulikaa barazani sote. Tata karani na mama wa mikate walitaka kuondoka, lakini baba aliwaonyesha viti.

Nilimpa yaya kaye, nikamweleza yote, na kosa langu la kwanza pia. Alinisikiliza. Ni mfanyabiashara wa mahindi, anajua kwamba gunia halipimwi kwa punje za juu. Aliuliza habari ya moto, nikamwonyesha mbabula ilipo na nani yuko uani mchana. Alipitia ukurasa mmoja mmoja, akilamba kidole. Kisha akasimama pale pale nilipoogopa, penye ule mpasuko.

"Na hapa?" aliuliza. "Mbona kwako hasukumi?"

Nilimwambia sijui. Ilikuwa vigumu kulisema neno lile kuliko yote niliyoyasema siku hiyo. Nilisema nimetafuta sababu, sikuiona, na sikutaka kuificha.

Yaya aliweka kaye magotini. Alimgeukia baba, na nampa haki yake, hakumgeukia kama mtu wa kumtega. Alimuuliza kama anavyoulizwa mzazi, "Tata, juu ya nini?"

Tulingoja. Baba alifungua mdomo akaufunga. Mama wa mikate alitaka kumsaidia neno, tata karani akamgusa mkono, anyamaze. Mimi nilitazama sakafu, maana sikuweza kumtazama.

"Huyu," baba alisema, na kidole cha mkono wa kushoto kikanionyesha. Akapumua. "Huyu... hatupake karata. Ziko mubaya... anabakia. Kumusukuma... ni bure."

Tangu augue sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Na yalikuwa kweli! Dau la kuendeleza linaishi kwa woga wa mwenzako. Mbele ya mtu asiyetupa karata, ni maharagwe yaliyopotea. Baba alinipima mapema, kwa lile dau moja la mwanzoni, akaona, akaacha. Kiangazi kizima nilikuwa ninamwandika, kumbe yeye alikwisha kuniandika mimi. Tata karani alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia ni kweli, mama, wewe hautupake, unabaki na karata mbili za kipumbavu mpaka mwisho. Mimi nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Yaya aliurudia ukurasa ule. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari, akaniambia nimpe kiti changu.

Nikampa. Nilisimama nyuma ya baba, tayari kwa kuchanganya. Tata karani akagawa. Baba alipandisha, harage moja. Tata karani akatupa, mama wa mikate akatupa, yaya akaitikia. Karata tatu zikafunguliwa: mfalme, saba, mbili, kila moja rangi yake. Baba alizitazama kwa muda, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu zaidi, kisha akasukuma maharagwe mawili mbele, kwa kidole kimoja.

Yaya aliinua macho kwangu. Mimi nilikuwa naziona karata za baba. Sikusema, na mpaka leo sijamwambia. Alizitazama zake, akakuna shingo, akapuliza pumzi, akazitupa katikati ya meza.

Baba alivuta maharagwe. Nilikusanya karata, nikaanza kuchanganya, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Tata karani alinyoosha mkono ili apewe kaye. Yaya hakumpa. Alimwomba biki, akaifungua kaye kwenye magoti yake, akaandika polepole: mpinzani mmoja, mfalme saba mbili, ametupa. Penye safu ya mpinzani alisita kidogo, kisha akaandika: mimi.